Jina la Mwalimu Mkuu

Nafundisha darasa la viziwi, na watu hudhani kwangu kuna ukimya. Waje waone! Viti vinaburuzwa, madawati yanagongwa, na kuna binti mmoja tunamwita Spika kwa sababu mikono yake haijui kunyamaza. Anaweza kumsengenya mtu aliye upande wa pili wa uwanja huku mdomo umejaa mkate.

Wanafunzi wangu hawahangaiki na majina yetu ya kwenye vyeti. Kila mtu wanambatiza kwa alama, kulingana na sura yake au vituko vyake. Mwalimu mkuu ana kitambi, na suruali zake hazielewani nacho. Basi jina lake ni kushika kiuno kwa mikono miwili, kupandisha suruali, kisha kupuliza pumzi: puu!

Siku alipowaona watoto wakiifanya alama hiyo akaniuliza ni nini, tayari kulikuwa na maneno kwamba chumba chetu kitageuzwa cha kompyuta na sisi tuhamie stoo. Stoo haina dirisha. Kiziwi gizani hana mazungumzo, kwa sababu haoni mkono wa mwenzake. Nilikuwa namhitaji mzee yule upande wetu kuliko alivyojua, nikajikuta nimeropoka.

"Hiyo alama maana yake ni Kiongozi, mkuu."

Alifurahi, jamani! Tangu hapo akawa anaifanyia mazoezi korido nzima, na mimi nageuza uso ukutani nisije nikacheka.

Ndipo afisa elimu akaja kukikagua chumba na kukata shauri. Alikuwa mtu mkavu, tai imemkaba shingo. Mkuu akasimama mbele ya darasa, akavuta kifua, akapandisha suruali: puu! Darasa zima likaangua kicheko. Wengine walilala juu ya madawati.

"Suruali imelegea?" afisa akauliza kwa upole.

"Hapana, mheshimiwa. Hilo ndilo jina langu kwa lugha ya alama. Maana yake Kiongozi."

Spika husoma midomo, tena vizuri kuliko ninavyopenda. Akatikisa kichwa, akaanza kurusha mikono. Mimi nikajifanya natafuta chaki.

"Mwalimu," mkuu akaniita, "anasema nini huyo? Tafsiri kama ilivyo, usipunguze."

Nikaacha kutafuta chaki. "Anasema... si Kiongozi. Ni Pandisha-Suruali."

Mkuu uso ukamshuka. Mimi nilishatuona stoo, tumebanana kati ya ndoo za rangi na mipira iliyopasuka, na nikaulaani ulimi wangu. Afisa alikohoa sana ili asicheke.

"Na mimi je, naitwa nani?"

Spika akamtazama toka juu hadi chini, akajibu. Nikatafsiri neno kwa neno, maana sikuwa tena na cha kuficha.

"Wewe huna jina. Jina tunampa mtu anayekuja kwetu. Walimu wengi wa hapa hawana. Huyu Pandisha-Suruali anakuja kila asubuhi kutusalimia. Salamu yenyewe anaikosea, lakini anakuja."

Mkuu akatoa leso, akafuta kipara ambacho hakikuwa na jasho hata tone. Kisha akamgeukia mgeni wake.

"Mheshimiwa, kompyuta ziende ofisini kwangu. Stoo nitahamia mimi."

"Lakini mwalimu mkuu, stoo nimeiona, haina dirisha!"

"Haina. Ila mimi hata gizani naongea. Hawa hawawezi."

Watoto wote wakanikodolea macho wakisubiri niwaambie kilichosemwa. Nikaanza, lakini machozi yalinijaa na vidole vikawa vinatetemeka, alama moja inagongana na nyingine. Spika akanikatiza katikati. Alitaka kujua mbona leo mikono yangu ina kigugumizi.