Kitasa cha Tatu

Kifungo hakianzi na pingu. Huanza na neno la upole, tena kutoka kinywani mwa mtoto uliyemzaa mwenyewe. Ervin alimwambia mama yake, "Nipe huo ufunguo wako, Mama, kwa siku mbili tatu tu," naye bibi Ilka akautoa mfukoni mwa aproni akampa, maana ni mama gani atamnyima mwanawe kipande cha chuma? Zile siku mbili tatu zikawa majira ya baridi, majira ya baridi yakawa mwaka, na mwaka ukaita wenzake. Sasa Pasaka nyingine ya Kiyahudi imefika, Ilka yuko ndani, na ufunguo unaning'inia kwa kamba, pamoja na funguo zake, shingoni mwa Ervin chini ya shati, kama hirizi.

Mlango wao ulikuwa na vitasa vitatu. Viwili vilikuwa vya kawaida, kama vya kila mlango katika lile jengo la zamani la Budapest. Cha tatu kilikuwa kikubwa, cha kufungwa kwa ufunguo ndani na nje, na Ervin alikitia baada ya kisa cha kikombe. Jirani mmoja alikuja kunywa kahawa na Ilka, wakacheka, wakasahau, na jirani akatua kikombe chake juu ya kitabu. Kilikuwa kitabu cha mashairi chenye picha zilizochapwa kwa mihuri ya mbao. Kikombe kikaacha duara. Ervin aliporudi hakugomba. Alikaa akalisugua lile duara kwa pamba kavu, taratibu, kama mtu anayefuta jeraha, kisha ndipo akasema lile neno la ufunguo. Laiti angegomba. Mtoto akigomba unamjibu, lakini akikuomba kwa upole utamjibu nini?

Mchana Ervin alikuwa muuza miwani. Roho yake, hata hivyo, ilikuwa kwenye vitabu: vitabu vya picha vya zamani vilivyotungwa na kuchorwa na Wayahudi wenzao kabla ya vita, vya hadithi za watoto, vya mashairi, vya kusomwa mezani usiku wa Pasaka. Alivitafuta sokoni kwenye vitu vikuukuu, kwa wajane, kwenye dari za nyumba na kwenye stoo za makaa. Akivipata huvileta nyumbani ndani ya koti, kifuani, kama mtu aliyebeba mtoto mchanga kwenye baridi. Mkewe aliondoka zamani, akasema yeye aliolewa na mwanamume, hakuolewa na maktaba.

Ilka aliwahi kumuuliza vyote hivi ni vya nini. Ervin akamtazama kwa macho mekundu.

"Waliotunga hawakurudi, Mama. Waliochora hawakurudi. Vitabu vimerudi. Sasa nivifungulie mlango vipotee tena?"

Ilka akanyamaza. Yeye mwenyewe alikuwa na wake ambao hawakurudi, baba na kaka wawili. Na huo unyamavu wake ndio ulikuwa kamba ya kwanza.

Kamba nyingine zilifuata pole pole. Mapazia yasifunguliwe, jua linakula rangi. Supu isichemshwe, mvuke unapindisha karatasi. Vitunguu visikaangwe. Wageni wasije. Na kubwa kuliko yote, Samu asije. Samu alikuwa mwana wa Noemi, binti pekee wa Ervin. Aliletwa mara moja akiwa anatambaa, viganja vimejaa jamu, na babu yake akambeba mpaka nje akiwa amemshika mbali na kifua, kama anayetoa panya. Noemi aliona. Tangu siku ile hakurudi tena.

Basi Pasaka zao zikawa za watu wawili. Na desturi yao ni kwamba aliye mdogo kuliko wote mezani ndiye anayeuliza yale maswali, kwa nini usiku huu hatuli kama siku zote, kwa nini mkate huu hauna chachu. Mdogo alikuwa ni nani? Ni Ervin, ndevu zina mvi na tumbo limetangulia. Anauliza kwa sauti nzito, na Ilka anamjibu kwamba tulikuwa watumwa Misri, Mungu akatutoa. Mwaka wa kwanza walicheka, Ilka akasema mtoto wake ameota kitambi kabla ya akili. Mwaka wa pili hawakucheka. Wa tatu, Ilka alipofika kwenye neno "akatutoa", alitazama vile vitasa, mate yakamkauka.

Mwaka huu Noemi alipiga simu. Alisema atapika mwenyewe, kwake, ng'ambo ya mto, na Samu amefundishwa maswali, anayaimba hata chooni. Akasema pia kwamba hii ndiyo mara yake ya mwisho kuomba. Bibi asipokuja, basi, na watoto wengine watakaozaliwa wataambiwa tu kwamba aliwahi kuwako bibi. Ervin akaahidi. Adhuhuri angerudi kutoka dukani, amchukue mama yake, waende wote.

Ilka alivaa gauni la buluu tangu asubuhi. Akakaa kwenye kiti karibu na mlango, mkoba mapajani, katika lile giza la mapazia, huku pande zote vitabu vimepanda mpaka darini. Hakuwa na hamu nyingine duniani ila hiyo: amsikie mtoto akiuliza, amjibu, kabla hajafa. Adhuhuri ikaja ikapita. Akavua viatu, akavivaa tena. Akafikiria ajali ya tramu. Akafikiria moyo wa Ervin, maana baba yake Ervin alikwenda kwa moyo. Halafu likamjia wazo la moto, kama lilivyomjia kila siku: moto ukitokea jikoni, mimi nitapitia wapi? Akalifukuza, nalo likakaa pembeni likimngoja.

Alasiri zikasikika hatua kwenye baraza ya nje, ile inayozunguka ua kila ghorofa, kisha mlango ukagongwa.

"Bibi, ni mimi Noemi. Baba yuko wapi? Tumekungoja mpaka tumechoka."

Ilka akainama kwenye mwanya wa barua, ule uwazi mwembamba mlangoni wenye kifuniko cha shaba, akasema Ervin hajarudi. Noemi akasema amepiga simu dukani, akaambiwa baba yake ameondoka asubuhi na treni, kuna mjane huko Szeged anauza kitabu.

"Leo?"

"Leo, Bibi. Si unamjua. Haya, fungua twende."

Ilka akarudisha kifuniko cha shaba. Kwa muda wote ule alikuwa amemficha mjukuu wake jambo hili. Kwenye simu alisema anaumwa miguu, alisema kuna utelezi, alisema atakuja wiki ijayo. Sasa alikaa na aibu yake nyuma ya mbao.

"Sina ufunguo," akasema mwishowe.

Halafu Noemi, kwa sauti ndogo: "Tangu lini?"

"Ni kwa siku mbili tatu tu, mwanangu."

Noemi hakupiga mayowe. Alimwambia Samu, aliyekuja naye, akae pale pale mlangoni, akisogea popote atakiona, yeye anashuka kumtafuta fundi wa vitasa mtaa wa pili kabla jua halijazama. Ilka akataka kumzuia, asimwachie mtoto, lakini viatu vya Noemi vilikuwa vimeshafika ngazini.

Hapo Ilka akapiga magoti. Kupitia ule mwanya aliona soksi mbili zilizoteremka, na goti lenye kovu. Ghorofa ya tatu. Chini, ua wa mawe.

"Samu, umekaa?"

"Nimekaa. Bibi, kwa nini mlango wako haufunguki?"

Alikuwa amejiandaa kwa maswali yote ya Pasaka, hili hakulijua jibu lake. Akamwambia umeharibika. Samu akasema baba yake ana bisibisi. Kisha akachoka na mlango usiofunguka, kama mtoto yeyote, na zile soksi zikaondoka. Ilka akasikia mlio wa kiatu kwenye chuma. Mtoto alikuwa anapanda vyuma vya baraza atazame ua.

Kila mama anaujua moyo unavyofanya wakati huo. Ukimpigia kelele atashtuka. Usiposema, atapanda kingine. Na katikati yenu kuna mlango uliofungwa na mwanao ili mambo yasiharibike. Ilka alinyoosha mkono kwenye rafu bila kuangalia, akapata kitabu chembamba, akakiangalia: ni kile cha bata bukini aliyekwenda kununua viatu. Kilikuwa fahari ya Ervin. Mchoraji wake alikuwa binti wa miaka ishirini na kitu, na Ervin aliamini zimebaki nakala mbili duniani. Ilka akakisukuma kwenye mwanya. Vitabu vya watoto ni vyembamba. Kikapita.

"Samu," akaita taratibu, kama anayeita paka. "Kuna bata hapa hajui saizi ya miguu yake."

Chuma kikalia tena. Halafu soksi zikarudi.

"Yuko wapi?"

Akakaa chini. Ilka akasikia karatasi ikifunguka, kisha kicheko, kile cha tumboni. "Bibi, amevaa kiatu kichwani!" Naye Ilka, magoti yakimuuma kwenye sakafu, akacheka na kulia kwa pamoja. Mtoto alipomaliza akataka kingine. Bibi akatoa cha mvuvi na mwezi. Akatoa cha herufi, ambamo kila herufi ni mnyama. Akatoa cha mshona nguo aliyeshona mvua. Kila kimoja kilipopita, ndani paliingia mstari mmoja wa mwanga.

Noemi alirudi mikono mitupu, fundi amefunga kwa sikukuu. Alipoona baraza imetandazwa vitabu juani na mwanawe amelala kifudifudi katikati yao akitafuna biskuti, akaketi naye chini.

Hivyo ndivyo Ervin alivyowakuta. Alifika juu ya ngazi anahema, kitabu cha mjane ndani ya koti. Alisimama.

"Nani ametoa hivi?"

"Mimi," sauti ya mama yake ikasema kutoka mlangoni. "Fungua, baba."

"Mama, unajua hiki ni kitu gani? Nakala ziko mbili tu duniani."

"Basi moja inasomwa."

Samu akainua kile cha bata amwonyeshe babu yake mahali penye kiatu. Ervin alikinyakua. Halafu akaona kwenye mwanya wa barua kona ya kitabu kingine inachomoza.

"Usitoe tena. Nakuomba, Mama."

"Nitatoa. Vitatoka kimoja kimoja mpaka ifike zamu yangu."

"Vitaharibika!"

"Vilichorwa kwa ajili ya watoto, Ervin. Na mimi je, siharibiki?"

Ervin akalegea. Akaitafuta ile kamba ya funguo shingoni, akafungua kitasa cha kwanza, cha pili, cha tatu. Ilka akatoka na gauni lake la buluu, mkoba mkononi, akasimama kwenye mwanga akifumba macho kwa ukali wake. Noemi alimshika kiwiko. Ervin hakuwatazama. Alikuwa amepiga magoti anaokota, anapuliza makombo, anafuta kwa mkono wa koti. Akavikumbatia vyote kifuani pamoja na kile cha mjane, akapita katikati yao, akaingia ndani. Na mlango ukajifunga nyuma yake, wakasikia kitasa cha kwanza, cha pili, cha tatu. Mkono una mazoea yake, na mazoea yana tabu.

Noemi akagonga. Kutoka ndani Ervin akajibu kwa upole, "Tangulieni tu. Naviweka mahali pake. Dakika mbili tatu tu, Mama."

Ilka alilijua neno lile.

Ng'ambo ya mto, jioni ile, Samu aliuliza maswali yote bila kukosea, akaongeza na la mlango. Ilka akajibu. Alipofika kwenye "akatutoa" mate hayakumkauka, lakini alitazama kiti kitupu cha Ervin. Wakati wa kumfungulia nabii Eliya mlango ulipofika, kama desturi ya usiku ule, aliufungua mwenyewe, na Noemi alipotaka kuufunga kwa sababu ya baridi akamwambia auache. Supu ikapoa. Waliopita ngazini walikuwa majirani tu.

Wako watakaosema ana kosa gani mwana huyu la kumlilia, si mlevi, si mwizi, anapenda vitabu. Mama, usidanganywe na hilo. Kitu chema ndicho kinachofunga vizuri zaidi, kwa sababu hakuna anayekuja kukikata. Siku anayokuomba ufunguo kwa siku mbili tatu, mnyime, umnyime kwa ajili yake.

Asubuhi Ilka alirudi kule, akapanda ngazi tatu ndefu akipumzika kila ghorofa. Alikuwa na mkate wa Pasaka kwenye leso. Akapiga magoti upande wa nje, upande asiouzoea, akainua kifuniko cha shaba. Ndani giza, mapazia yameshushwa.

"Ervin. Hujala tangu jana, baba."

Mkate usio na chachu ni mwembamba kama kitabu cha mtoto. Akauvunja, akasukuma kipande kimoja, kikapita. Akasukuma cha pili. Cha tatu kilikwama, kisha kikavutwa pole pole kutoka upande wa pili. Ilka akaweka sikio kwenye mbao, akangoja mlio wa ufunguo kitasani.

Alisikia mtu akitafuna.