Masomo ya Marehemu Hayagawiwi

Maneno yalianzia saluni ninakosuka, Yeoville, hapa Joburg. Jeannine, anayesuka kwenye kiti kilicho karibu na changu, aliniambia bila kusimamisha mikono, "Mama Hénock, usinikasirikie. Wanasema kule chuoni binti yako Arlène akiitwa kwa jina la marehemu kaka yake, anaitika."

"Nani anasema?"

"Watu."

Nikamwambia hao watu watafute kazi. Lakini nilirudi nyumbani Bellevue na maneno yale, nikapika nayo, nikalala nayo.

Mwanangu Hénock aligongwa na gari mwaka 2016 akivuka penye robot, zile taa za barabarani, ya waenda kwa miguu ikiwa kijani. Alikuwa ndiyo kwanza ameanza uhasibu. Siku ya kuondoa matanga tuligawa vitu vyake kama tunavyofanya kwetu Butembo, Kongo: viatu kwa binamu, koti kwa rafiki. Likabaki begi la shule. Octave, kaka mkubwa wa mume wangu, akamvika Arlène begani, akasema mbele ya wote, "Utamaliza alichoanza kaka yako." Watu wakapiga makofi, na mimi pia.

Arlène alikuwa na masomo yake, ya kuchora majengo. Hakuyaacha, akaongeza na uhasibu. Chuo kikamruhusu kusoma yote mawili, vitivo tofauti, asubuhi kampasi moja, mchana nyingine ng'ambo ya mji. Kanisani wakamsimamisha ashangiliwe. Mimi niliishia darasa la sita, nikaona Mungu ametulipa.

Baada ya maneno ya Jeannine nikaanza kumwangalia. Akichora majengo, kalamu iko mkono wa kulia. Akifungua uhasibu, kalamu inahamia kushoto. Katika nyumba yetu Hénock peke yake ndiye alikuwa mashoto.

"Unaandika kwa mkono gani huo?"

"Huku ndiko uhasibu unatoka, mama."

Mwezi wa mitihani nikamkuta asubuhi ameketi kitandani, viatu mguuni, ametulia.

"Huchelewi?"

"Mitihani yote miwili ni saa tatu. Mimi naenda majengo. Uhasibu anaenda Hénock."

Alisema hivyo kama mtu anayepanga nani aende spaza kununua mkate.

"Hawakukwambia mitihani ikigongana uombe siku nyingine?"

"Waliniambia. Niombe ya nini, na tuko wawili?"

Nikafunga mlango, nikampigia Octave. Alifika anacheka. "Eish, shemeji, mtoto amechoka tu. Mpe chai yenye sukari."

Arlène akainua kichwa. "Sharp, mzee wa kazi."

Ile ilikuwa salamu ya Hénock kwa baba yake mkubwa. Hakuna mwingine aliyethubutu kumwita hivyo. Octave akatafuta kiti, akakaa, na hakucheka tena.

Jumapili tuliwaita wale wale waliopiga makofi. Octave akamvua begi na kumwambia, "Mwanangu, tumekosea. Tumekufungua. Rudi kwenye masomo yako." Arlène akaitika vizuri. Wiki iliyofuata akaenda chuoni kuacha kozi moja, nami nikapika sombe kwa furaha.

Aliporudi akakusanya michoro yake yote ya majengo, akaipeleka nje kwenye pipa la taka.

"Si ulienda kuacha uhasibu?"

"Hapana, mama. Aliyechoka ni Arlène. Ndiye ameacha."

Mpaka leo anasoma vizuri na wanamsifu. Mimi ninaishi naye, na bado namtafuta binti yangu.

Kwa hiyo, wazazi wenzangu mlio hapa Joburg:

Siku ya kuondoa matanga gaweni nguo na vyombo. Masomo msigawe.

Msimwambie aliye hai kwamba atamaliza cha marehemu.

Msimruhusu kusoma kozi mbili kabla hamjajua kila moja ni ya nani.

Msimshangilie kanisani kabla hamjamuuliza kama analala.

Mitihani ikigongana, msimwachie peke yake. Nendeni naye chuoni.

Mkisikia uvumi juu ya mtoto wenu, msingoje kama mimi.

Msimwite kwa jina la mwingine, hata kwa mzaha.