Uko Sawa?

Wazee wa kanisa walizisoma barua za mhubiri mgeni mara tatu, na mara zote tatu walizipigia meza. "Huyu anaandika kiume," alisema Amina Mbili, mzee aliyepewa jina hilo kwa sababu kila sala aliifunga mara mbili, kana kwamba Mungu ni mzito wa kusikia. Mwenyekiti akaagiza mgeni anunuliwe tai.

Karani wa kanisa alikaa pembeni na daftari lake. Mtaani walimwita Mama Muhuri, maana muhuri wa kanisa ulilala kwenye mkoba wake pamoja na funguo na peremende za kikohozi. Yeye ndiye aliyeongea na mgeni kwenye simu, sauti alikuwa ameisikia. Lakini wazee waliuliza anafika lini, anakula nini, amesomea wapi. Naye akajibu anafika Jumamosi, anakula chochote, amesomea chuoni. Kiswahili hakina shida: unaweza kumsema mtu mwezi mzima bila kusema ni wa kike au wa kiume. Hakuna aliyeuliza. Mama Muhuri alikwenda nyumbani akicheka peke yake njiani kama aliyeokota kitu.

Jumamosi asubuhi mgeni akashuka kwenye gari: sketi ya bluu, kola nyeupe ya kichungaji shingoni, begi mkononi. Mwenyekiti alimtazama, kisha akatazama nyuma yake.

"Na Mchungaji yuko wapi, mama?"

"Ndiye mimi, mzee."

Tai ikarudi mfukoni.

Mgeni alipelekwa kupumzika, na wazee wakajifungia ofisini, chumba chenye feni moja na vitabu vya nyimbo vilivyoota ukungu. Amina Mbili alitanguliza kwanza mto wake mdogo wa zambarau kitini, akaupapasa, akaushukia polepole huku amekunja uso. Mto huo haukumwacha harusini, msibani wala madhabahuni. Wazee wenzake waliuita mto wa mgongo, kwa heshima tu. Mwenye duka la dawa hana kifua cha kuweka siri, na mtaa mzima ulijua kwamba mzee ana bawasiri, tena ile ya kutoa damu.

"Tumrudishe alikotoka," alisema.

"Matangazo yamebandikwa mpaka sokoni," alijibu Mwenyekiti. "Tutachekwa."

"Basi ahubirie chini, asipande madhabahuni."

"Watauliza kwa nini yuko chini."

Amina Mbili alikohoa. "Jamani, mimi sina ubaya na wanawake. Mama yangu mwenyewe alikuwa mwanamke."

Mama Muhuri aliliandika hilo neno kwa neno.

"Shida yangu ni hali tu. Kesho ni Meza ya Bwana. Je, kama hayuko sawa?"

Wote wakainamia vikombe vyao. Katika kanisa lile, "sawa" lilikuwa neno lenye kazi yake. Kila Jumapili ya Meza ya Bwana Mama Muhuri alisimama mlangoni, akawainamia wasichana na akina mama mmoja mmoja sikioni: uko sawa? Aliyekuwa kwenye siku zake alitikisa kichwa, akaenda kukaa benchi la nyuma, kando ya mafagio, bila mkate wala kikombe. Kila aliyegeuka alimwona. Vijana wa kwaya walikuwa na mzaha wao kuhusu nani alikaa huko lini. Miaka kumi na sita Mama Muhuri aliuliza swali hilo kama anayeuliza tiketi.

"Utamwuliza mlangoni kama wenzake," Mwenyekiti alimwambia. "Akiwa sawa, apande. Asipokuwa sawa, atanipa karatasi yake, nitasoma mimi."

"Amina, amina." Amina Mbili akamsogelea karani, ananuka kafuri. "Na umwulize vizuri. Nyinyi mna njia zenu za kuficha uchafu."

Alisema "uchafu" huku analamba makombo ya biskuti kidoleni. Mama Muhuri akafunga daftari.

Mgeni alikuwa amefikia kwa wifi wa Mama Muhuri, mke wa kaka yake karani, na nyumba ilikuwa imefurika kama kawaida: majirani waliokuja kumwona mchungaji wa sketi, watoto wamekalia mpaka ndoo. Wifi alikuwa msusi, mikono na mdomo vilikwenda pamoja. Alikuwa amemkalisha mgeni mkekani anamsuka. Mama Muhuri aliwatoa watu nje kwa kisingizio cha joto, kisha akaeleza, macho yake yakiwa sakafuni.

Mgeni hakushtuka, na hilo ndilo lililomuumiza karani zaidi. "Kwingine waliniuliza kwa barua," alisema. "Yenye muhuri."

"Jibu tu kwamba uko sawa, Mchungaji. Yaishe."

"Siko. Tangu jana. Na sitasimama mlangoni mwa kanisa nikadanganya ili niingie kusema kweli."

"Basi Mwenyekiti atasoma."

"Mwambie asisahau miwani."

Wifi, ambaye angecheka hata matangani, hakucheka. "Mimi nilikujibu ukweli siku ile."

"Siku gani, wifi?"

"Usijifanye umesahau. Kabla binti yangu hajazaliwa. Uliniuliza, nikakwambia siko sawa, wifi, siko sawa. Ukaninyooshea kidole benchi la nyuma." Chanuo lilikuwa limesimama hewani. "Mimba ilikuwa inatoka. Nikakaa na mafagio mpaka wimbo wa mwisho."

Mama Muhuri alikitazama kidole chake cha shahada, chenye wino wa zambarau kwenye kucha, akakificha kwenye kiganja kama kitu kinachonuka.

Jumapili foleni ilikuwa ndefu. Mbele kabisa alisimama binti wa wifi, miaka kumi na mitatu, joho la kwaya limemzidi urefu, macho ameshayateremsha chini tayari. Nyuma yake mama yake, kisha mgeni na karatasi zake. Pembeni Amina Mbili alisimamia zoezi, mto kwapani.

"Shangazi," binti alinong'ona, "huniulizi?"

"Karani, foleni haisogei," alisema Amina Mbili. "Anza na mgeni."

Mama Muhuri akageuka. Akamwinamia mzee sikioni kama alivyowainamia wote, ila sauti hakuipunguza.

"Mzee, uko sawa?"

"Eh?"

"Hutoki damu?"

Macho ya foleni nzima yakateremka kwenye mto.

"Ule ni ugonjwa!" mzee alifoka, kisha akasikia alichosema.

"Kumbe si mgongo!" alidakia wifi, na kicheko kikatoka nje mpaka barabarani.

"Jana damu uliiita uchafu," alisema Mama Muhuri. "Benchi la nyuma lipo, mzee. Kando ya mafagio."

Mwenyekiti alikuja mbio, shingo imemvimba, akanyoosha mkono. "Muhuri."

Mama Muhuri akampa mkoba wote, na funguo, na peremende.

"Utauliza wewe sasa," alimwambia. "Huyu ni mtoto wa kaka yangu. Mwulize. Kwa sauti, tusikie sote."

Mwenyekiti alimtazama binti, na binti, kwa mara ya kwanza asubuhi ile, akainua macho akamtazama na yeye. Mdomo wa Mwenyekiti ulifunguka, ukafumbika. Jasho lilimtoka kwenye mdomo wa juu. Alijaribu tena, hata herufi ya kwanza ilimshinda. Mwishowe akasogea pembeni.

Binti akapita. Kwaya ikapita. Mgeni akapita na karatasi zake mkononi, akapanda ngazi tatu za madhabahu, akaanza kwa kuomba maji ya kunywa.

Mama Muhuri aliingia wa mwisho. Viti vya mbele vilikuwa na nafasi, lakini miguu ilimpeleka nyuma. Kwa miaka yote kumi na sita hakuwahi kulikalia benchi lile. Lilinuka dawa ya mende na tambara bichi, na kutoka pale hukuona madhabahu. Uliona visogo tu, na kila aliyegeuka alikuona wewe.

Wifi yake alikuwa bado amesimama, anatafuta pa kukaa. Akageuka, akamwona. Mama Muhuri akajisogeza, akapangusa nafasi kwa kiganja.

Wifi akaitazama nafasi ile, akaenda kukaa mbele.