Wachelewaji wa Wino Mwekundu

Jumatatu, tarehe 11 Aprili. Asubuhi kulikuwa na manyunyu, ukungu umeshuka hadi kwenye paa la darasa, na bwana afya alifika na buti zenye matope kuniomba daftari la mahudhurio.

Nilimkabidhi kwa fahari. Mimi ni fundi cherehani, nina miaka hamsini na mbili, na ni kiranja wa darasa la jioni la watu wazima. Waliowahi niliwaandika kwa wino wa bluu, wachelewaji kwa mwekundu. Aliyewahi alishiriki sala ya kufungua kipindi, kisha akanywa maji ya pipa. Mchelewaji alikuta pipa nimeshalifunika, akaenda langoni kunywa chai ya wifi yangu.

Wiki iliyopita wanafunzi kumi na mmoja walianza kuharisha na kutapika. Hospitali ikathibitisha ni kipindupindu. Namshukuru Mungu, hakufa mtu. Lakini darasa lilifungwa, na mtihani wangu wa kwanza tangu nizaliwe ulikuwa umebakiza wiki tatu. Watu wakatafuta wa kumlaumu, wakamwona wifi. Meza yake ya chai ikafungwa. Nami nikaongoza maombi nyumbani kwangu jioni mbili, Mungu amlainishe moyo, akiri kwamba vikombe vyake si safi. Nyumba yangu na ya wifi zinatenganishwa na ukuta mmoja tu. Kesho yake aliniambia kwamba maombi yangu kabla ya kufika mbinguni hupitia dirishani kwake.

Mimi sikuugua. Wiki ile nilikuwa nimefunga, sionji hata tone la maji mpaka nirudi nyumbani baada ya masomo. Niliwaambia wote kwamba huo ndio ulinzi wa mtu anayeomba.

Bwana afya alilifungua daftari juu ya meza, akaweka orodha ya wagonjwa pembeni yake, akapitisha kidole jina baada ya jina. Wagonjwa wote walikuwa bluu. Wekundu wote wazima. Akaniuliza hawa wekundu ni akina nani. Nikamjibu ni wale wasio na nidhamu.

"Basi utovu wa nidhamu umewaokoa," alisema, wala hakutabasamu.

Akauliza maji ya pipa yalitoka wapi. Nikaeleza kwamba bomba lilipasuka mvua zilipoanza, tukawa tunachota kisimani nyuma ya choo. Akauliza tena: na vile vidonge vya kutibu maji alivyonipa bomba lilipopasuka, nilitia kimoja kwa kila ndoo?

Mwalimu wetu alikuwa ameketi dirishani. Wifi, aliyekuja kuidai meza yake, alisimama mlangoni, mikono kiunoni. Ningesema vidonge viliisha, nani angejua? Ningebaki kiranja, naye angebaki bila kazi.

Nikasema ukweli. Wanafunzi walilalamika maji yananuka dawa, nikaona sala inatosha. Vidonge nilivitia kwenye beseni, nikafulia kitambaa cha madhabahu. Kilitakata kweli, Jumapili kila mtu alikisifu.

Wifi alicheka mpaka akashika mlango. "Kwa hiyo, wifi yangu, mdudu umemfukuza kanisani, akaja kusoma na nyinyi."

Bwana afya aliagiza kisima kifungwe, pipa lisuguliwe, na wifi afungue meza siku hiyohiyo, kwa kuwa maji ya chai yake yalichemka. Darasa litafunguliwa wagonjwa wakipona. Nilimwomba wifi msamaha. Akasema amenisamehe, ila niseme kwa sauti ileile ya maombi yangu, madirisha yakiwa wazi.

Mwalimu akayafungua. Nikasimama mbele yake, mbele ya bwana afya na wifi, na wanafunzi watatu wa wino mwekundu waliokuwa nje, ambao kwa mara ya kwanza walikuwa wamewahi.

"Naahidi mbele ya Mungu na mbele yenu," nilisema, "kila ndoo kidonge kimoja, na nusu saa ya kungoja. Sala tutaifanya tukiwa tunangoja."