Mkeka Uliolala Chali

Renae Vondrak alikuwa na kitendawili kimoja, na hakuna msichana aliyejiunga na timu yake ya mieleka bila kutegewa. Jumamosi hiyo alimtegea Josie Behrends, binti wa shamba la nguruwe kule Elkader, aliyekuja na mama yake kukitazama chuo kabla ya kuamua.

"Kitendawili."

"Tega, Kocha."

"Nipo chali usiku na mchana, na hakuna aliyewahi kunishinda."

Josie alikuna kichwa. Katika mieleka aliye chali ndiye aliyeshindwa. Nani tena huyo?

"Kobe?"

"Kobe wa wapi na theluji hii! Nipe mji."

"Haya, chukua Elkader. Yote, na nguruwe wetu."

Wakacheka. Renae akawaacha na chai na mikate yao ya mdalasini, akaenda kwenye chumba cha kupimia uzito. Mwaka wa kwanza wa timu alikuwa na wasichana wanne, wa pili saba. Mwaka huu wa tatu, kwa mara ya kwanza, alikuwa na kumi kamili, mmoja kwa kila uzito. Leo wangepambana na chuo cha jirani kilichowachapa kila walipokutana. Akishinda huku Josie anatazama, Josie atakuja, na Josie akija wengine watamfuata.

Mwamuzi alikuwa bado hajafika kukagua ngozi, maana mwenye ugonjwa wa kuambukiza haruhusiwi kupigana. Renae akawatangulia kuwaangalia mwenyewe, mikono, shingo, nyuma ya masikio. Kwa Britta Hoekstra, tegemeo lake, ambaye hakuwa ameshindwa tangu Novemba, akasimama. Chini ya nywele za kisogoni palikuwa na duara jekundu, dogo kama sarafu.

"Choa," alisema taratibu.

"Kidogo tu, Kocha. Hata hakiwashi."

Mzee Duane, msaidizi wake, aliyemfundisha Renae mieleka tangu shuleni, akasogea akachungulia. "Mwanangu, hiyo poda tu. Enzi zetu tulifunika makubwa kuliko hayo."

"Na enzi zenu mliambukizana kama kuku," akadakia msichana mmoja.

"Kuku wenye vikombe kabatini, wewe! Vyako viko wapi?"

Britta alikuwa ameshatoa kikopo cha kipodozi mkobani. "Nipake, Kocha. Tafadhali. Mama amesafiri mwendo wa saa nne kuja kuniona."

Renae alikishika kile kikopo. Macho yake yakaenda ubaoni ukutani, pale palipokuwa na zamu ya kupiga deki mkeka. Sasa palikuwa patupu. Wiki tatu nyuma aliifuta kwa kiganja chake mwenyewe, ili apate nusu saa zaidi ya mazoezi. Mkeka si unang'aa? Ndivyo alivyojiambia.

Akamfikiria msichana wa upande wa pili, ambaye angekumbatiana na shingo hii kisha arudi kwao kulala chumba kimoja na wenzake.

Akamrudishia Britta kikopo chake. "Hupigani leo."

"Umeninyang'anya pambano langu, Kocha!"

"Ndiyo. Nimekunyang'anya."

Hawakuwa na mwingine wa uzito ule, kwa hiyo wapinzani walipewa alama tano za bure. Wengine tisa walipigana kufa na kupona. Mmoja alitoka na pua inachuruzika damu, anacheka. Mwisho walipungukiwa alama tatu. Britta alikaa benchi na taulo kichwani, mama yake kando yake.

Mama Josie alimfuata Renae mlangoni. "Yule bingwa wenu ameumia?"

Angeweza kusema goti. Nani angejua?

"Ana choa, mama. Kosa langu. Niliacha kusafishisha mkeka."

Mama Josie akautazama mkono wake, aliokuwa amempa Renae asubuhi wakisalimiana. "Aha," akasema. "Basi tutakupigia simu."

Renae alijua maana ya simu za namna hiyo. Akarudi ukumbini, akaandika upya zamu ubaoni, jina lake likitangulia mengine. Akajaza ndoo maji na dawa, akaanza kupiga deki kutoka pembe ya mbali. Baada ya kitambo akasikia ndoo ya pili. Ni Britta, macho yamevimba. Akashika upande wake.

"Pembeni umeruka," Renae akamwambia.

"Nimekuona na wewe ukiruka."

Walikuwa wamefika katikati mlango ulipofunguka, upepo baridi ukaingia. Josie alikuwa amesimama pale na koti, viatu vimejaa theluji, honi ya gari la mama yake ikilia nje.

"Usikanyage!" wote wawili wakapiga kelele.

Josie akarudi nyuma hatua moja. Akaangalia ule mkeka mpana uliolala unameta maji, ambao siku nzima watu walikuwa wakibwagwa juu yake.

"Ni mkeka," akasema.

"Mkeka nini?" akauliza Britta.

Josie alikuwa anavua viatu. "Kocha anajua. Nirudishie Elkader yangu, Kocha, halafu unionyeshe dekio lingine liko wapi. Mama atasubiri."