Miti ya Ndege ya André

Marehemu bwana yangu André alipanda miti ya ndege kwenye mupaka wa shamba letu, hapa Wamaza. Ni miti mifupi ya porini, yenye matunda madogo meusi. Ndege wenye vichwa vyeusi hula pale tangu asubuhi, na nyuki hufuata maua. Kwetu, mwenye kupanda muti wa mupaka ndiye mwenye udongo mpaka pale muti unaposimama.

André hakumaliza mwaka kaburini, mudogo wake Magloire akaja na mupanga. Alikata miti yote ya mupaka, akang'oa mizizi, akaingia hatua kumi na mbili ndani ya shamba langu. Alitaka kulima tomate za kuuzia wachimbaji wa zahabu. Nilipomuuliza, alicheka. Akasema mujane anahitaji tu nafasi ya kupigia magoti.

Sikubishana. Mimi nimekaa miaka nikiwaangalia wale ndege, yeye hapana. Matunda yale ndiyo yaliwashibisha. Wakiyakosa, watatafuta kitu kingine laini. Ningeweza kumuonya. Nilishika rozari yangu, nikafunga kinywa. Mungu anisamehe, kule kungoja kulikuwa kutamu.

Tomate zikaanza kuwa nyekundu, ndege wakashuka. Hawakumaliza hata moja. Walitoboa hii, wakahamia ile. Magloire alitundika matambara na mikebe, wakavizoea. Wapita njia wa piki-piki walimuuliza kama siku hizi anafuga ndege.

Siku ya tano akaja kwangu, kofia mukononi.

"Shemeji, wanasema dawa iko kwako."

"Dawa uliikata."

Akauliza nataka nini. Nikamwambia: aite kapita, mukubwa wa kijiji, na majirani, arudishe miti kwa mikono yake mwenyewe, na aseme kwa sauti udongo ni wa nani. Muti mumoja ulikuwa umebaki nyuma ya jiko langu. Vijiti vya kupanda nitakata mimi.

Alikubali. Alipanda akipiga magoti kwenye matope, watu wote wakiangalia. Kijiti kimoja alikisogeza nusu hatua upande wangu.

"Kile king'oe," nikasema. "Rudisha nyuma."

Akarudisha. Kisha akauliza polepole, ndege wataacha tomate zake lini.

"Miti ikizaa."

"Itazaa lini?"

"Miaka mitatu, shemeji."

Alijifuta matope mikononi. Nyuma yake ndege walikuwa wanakula. Nikamupa kijiti kingine.