Dizeli ya Mama Leokadia

Mlio ulitufikia kabla hatujafungua milango. Ulitoka nyuma ya ukuta wa mabati, mzito, kama mtu anayetikisa kokoto ndani ya pipa: dizeli inayonguruma bila kwenda popote.

Shemeji yangu Zenek, mume wa dada yangu, alizima gari lake na kuinamisha kichwa.

"Wameshaliwasha," akasema. "Wamelipasha moto kabla hatujafika. Bibi harusi anayeletwa kajifunika gubigubi ana sababu yake."

"Kwako kila gari ni mgonjwa."

"Na kwako kila chenye rangi ni mchumba. Shuka."

Nilishuka mbio. Ilikuwa Jumamosi. Jumatatu, saa kumi na mbili asubuhi, nilitakiwa kuripoti kazini na gari langu mwenyewe, la dizeli, lenye buti refu la kubeba mtungi wa naitrojeni ukiwa wima. Ndani ya mtungi huo hukaa mbegu za madume zilizogandishwa. Mimi, Wit Sakowicz, ndiye niliyekuwa nimeteuliwa kuwapandisha ng'ombe wa vijiji arobaini vya upande wetu wa mto Bug. Nilikuwa nimesoma, nimepata cheti, mkono wangu wa kulia umeingia ndani ya ng'ombe wengi kuliko ninavyoweza kukumbuka. Kazi yenyewe ni kilomita mia mbili kwa siku, theluji au tope, kwa sababu ng'ombe akishika joto hamsubiri mtu. Nikikosa gari, nafasi ilikuwa inakwenda kwa jamaa mmoja wa Drohiczyn mwenye gari na asiye na aibu.

Na gari lilikuwa pale! Buluu ya usiku, linang'aa kama viatu vya padri siku ya Pasaka. Muuzaji, Bwana Fabian, alikuwa na koti la ngozi na tabasamu la kutosha watu wawili.

"Laki moja na sitini na nane elfu tu," akasema, akigonga kioo cha mita ya kilomita. "Lilikuwa la daktari mstaafu, Mjerumani. Kanisani na dukani kwa mikate, basi. Siku ya kuliuza alilia, nakuapia."

"Wajerumani wote hulia," Zenek akasema. "Nashangaa nchi yao haijazama."

Mimi sikucheka. Nilikuwa nimeshajiona mbele ya kanisa letu, wanaume wakija mmoja mmoja kuingiza vichwa dirishani. Kwetu hakuna anayeuliza habari za injini kwanza. Wanasoma mita. Ikizidi laki mbili, wanakupa pole kama uliyefiwa. Nikatoa bahasha mfukoni.

"Kwanza mtungi, shemeji," Zenek akasema.

Tulikuwa tumekuja na mtungi mtupu. Nikainua mlango wa nyuma, nikausukuma mtungi ndani, na mshikio wake ukanasa kwenye mpira wa mlango. Nikavuta. Mpira ukang'oka kipande kirefu kama utumbo. Chini yake hapakuwa na buluu. Palikuwa na rangi ya maziwa ya mgando, ile ile wanayopaka teksi za Ujerumani.

Zenek alipapasa kitambaa cha dari kwa vidole viwili, akasimama katikati, akabonyeza. "Hapa pana matundu mawili yamezibwa. Taa ya teksi ilikaa hapa. Bwana Fabian, huyu daktari wako alikuwa anabeba abiria?"

"Labda alipenda rangi hiyo."

"Na taa juu ya paa aliipenda pia?"

Damu ilinipanda hadi masikioni. "Mwongo wewe!" nikafoka. "Teksi ya laki moja na sitini! Ilikuwa inasubiri abiria wapi, mbinguni?"

Fabian hakukasirika hata kidogo, na hilo ndilo lililoniuma. "Kijana," akasema, "nyinyi mnataka namba ndogo, sisi tunawapa namba ndogo. Niliwahi kuweka hapa gari lenye laki tatu za kweli. Lilikaa hadi majani yakaota kwenye magurudumu."

Nikarudisha bahasha mfukoni na mtungi kwenye gari la Zenek, tukaondoka. Njiani niliiwaza bahasha yangu ikiwa mkononi mwa Fabian, na jamaa wa Drohiczyn akinicheka, na mimi ndiye niliyekuwa nimekaribia kuwapa wote wawili furaha hiyo.

"Kuna mama mmoja Siemiatycze," Zenek akasema mwishowe. "Leokadia. Ni mwezi wa tano sasa anauza gari lake. Buti refu, dizeli. Hakuna anayelitaka."

"Lina nini?"

"Lina laki sita na arobaini na moja elfu."

Nikacheka kwa hasira. "Nitaonekanaje kijijini?"

"Utaonekana unakuja. Na lile lingine ungeonekana unasukumwa."

Mama Leokadia alitoka na aproni, mikono ina unga, na nyuma yake ilifuata harufu ya keki ya viazi. Alikuwa amekwenda Brussels na kurudi kila baada ya wiki tatu kwa miaka kumi na miwili, amebeba wanawake wanaokwenda kusafisha nyumba za watu, pamoja na mapaja ya nguruwe na mitungi ya matango.

"Mnataka kuliona au mmekuja kunicheka? Wengine walikuja kucheka."

"Kuliona, mama," nikasema.

"Basi weka mkono kwenye boneti."

Ilikuwa baridi kama jiwe la kisimani.

"Sijaligusa tangu jana. Gari husikilizwa likiamka. Washa."

Nikawasha. Stata ikazunguka mara mbili, gari likatoa moshi mdogo mweupe, likakohoa, kisha likatulia kwenye mlio mmoja. Zenek akafungua kifuniko cha oili, akakipindua, akakiweka juu ya tundu lake huku injini inaunguruma. Injini iliyochoka hukirusha. Hiki kilitetemeka tu, kikabaki. Akachukua bisibisi ndefu, ncha kwenye injini, mpini sikioni, akafumba macho.

"Shemeji, unasikia nini?"

"Nyamaza. Nasikia raha."

Mama akaleta daftari. Kila kilomita elfu kumi, oili mpya. Mkanda wa injini, tarehe na mwezi. Wino wa buluu, kurasa na kurasa.

Nikaupakia mtungi, nikalipeleka kwenye kilima cha barabara ya Drohiczyn. Gia ya tatu, nikakanyaga, na likanivuta nikabandikwa kitini! Miti ikakimbia nyuma, mtungi umesimama wima kwenye buti kama askari, nami nikapiga kelele peke yangu kama mtoto kwenye bembea. Laki sita! Nikarudi kilimani mara ya pili bila sababu yoyote.

"Mtu mmoja alikuja na kompyuta," Mama Leokadia akaniambia niliposhuka. "Akasema anairudisha mita hadi laki moja na tisini, dakika kumi tu, litauzika kesho. Nikamfukuza kwa ufagio. Miaka yangu kumi na miwili kwa dakika kumi!"

Nikaitazama ile mita. Waingize vichwa dirishani, nikajisemea. Nitawafungulia kioo mwenyewe, wasome vizuri.

Tukakubaliana bei. Tukashikana mikono, Zenek akaikata kwa kiganja chake kama inavyofanywa kwenye mnada wa farasi, na biashara ikawa biashara. Nikanyoosha mkono nipokee funguo. Mama akaufunga mkono wake.

"Kwanza ahidi. Kwa sauti, shemeji yako awe shahidi."

Nikavua kofia.

"Mama Leokadia, nakuahidi, mkono wa mtu hautazigusa namba hizi, zitasogezwa na barabara peke yake. Na siku namba hizi zikikaribia milioni, nitakuja kukuchukua hapa mlangoni, uketi mbele, tuione mita ikigeuka pamoja."